Herufi Nane

Mwaka ule nilipopata kazi ya maneno kwa Ketan, haya ndiyo niliyokuwa nimeyakosa: mke, meno mawili ya chini, kiti cha pili, kwa kuwa kile cha zamani kilivunjika mguu nami sikuona sababu ya kukitengeneza, mtu wa kuniuliza nimeamkaje, siku ya kupiga pasi shati isipokuwa Jumapili, na namba ya simu ya binti yangu Betty. Namba yenyewe nilikuwa nayo, kusema kweli. Nilichokosa ni mtu wa kuipokea.

Kiswahili sikukikosa. Nilikuwa askari wa magereza hapa Jinja kwa miaka thelathini na mmoja, na katika nyumba zetu za askari kulikuwa na Mteso, Mlangi, Mwacholi na Mgisu, ukuta kwa ukuta, kila mmoja na lugha ya mama yake. Mimi ni Mjapadhola wa upande wa Tororo. Mke wangu, Jovia, alikuwa Mgisu. Hatukuwa na lugha nyingine ya kupeana habari za nyumba, tukatumia ile ya kazini. Lakini mimi sikuridhika na Kiswahili cha gwaride. Nilikwenda shule ya jioni miaka minne, nikakaa kwenye dawati la watoto katika chumba kilicho nyuma ya msikiti, magoti yakinigonga kidevu, nikafundishwa na Mwalimu Burhan. Mwalimu alisahihisha kwa kalamu nyekundu. Siku moja aliniambia kwamba Kiswahili changu kina mifupa mizuri, ila nyama hakuna. Nilichukua hilo kuwa sifa.

Ketan na dada yake Mansi walikuwa na ofisi juu ya duka la vitabu la babu yao, Hemant, kwenye barabara kuu ya Jinja. Walikuwa wakitengeneza mchezo wa simu unaoitwa Mtaa Wetu. Walitaka uwe na Kiswahili ili uuzwe Kenya na Tanzania, na hata kwetu Uganda, ambako lugha hii ilichukiwa kuwa ya askari, na siku hizi inaanza kusamehewa. Mzee Hemant aliwaambia kwamba askari aliyenunua kamusi yake ya mwisho bado yu hai, anakaa Masese. Wakanitafuta, wakanikuta natoa dagaa wa jirani juu ya paa langu, maana ndege walikuwa wakiwadondosha.

Nieleze mchezo wenyewe. Unamtengeneza mtu: sura, nguo, kimo. Unampa nyumba mtaani na kazi. Juu ya kichwa chake kuna mistari minne: njaa, usafi, usingizi na upweke. Mstari ukiwa mwekundu, mtu huyo ananuna. Ukimgusa, vitufe vinatokea, kila kimoja na neno lake, nawe unachagua atakachofanya. Hakuna mshindi wala mwisho. Anaamka, anaoga, anakula, anakwenda kazini, anarudi, analala. Niliutazama kwa muda nikamwambia Ketan kwamba ratiba hii naijua, niliisimamia miaka thelathini na mmoja. Akacheka. Alidhani natania.

Jambo la kwanza nililofanya ni kumtengeneza mzee. Mchezo ukampa mkongojo bila yeye kuomba. Nikamgusa nimpeleke shuleni. Kitufe cha kusoma kikawa cha kijivu, hakibonyezeki. Nilimwita Ketan nikamwonyesha. Akasema michezo ya namna hii waliyojifunzia, ile ya ng'ambo, yote iko hivyo: mzee anakaa, anavua samaki, anakufa. Wachezaji wanapenda vijana, harusi na masofa. Mtu anacheza ili apate kile alichokikosa, ndivyo alivyosema.

"Na yule aliyekosa shule mpaka akafika miaka arobaini?" nikamwuliza. "Yeye hachezi?"

Mansi aliandika kitu katika daftari lake. Wiki iliyofuata kitufe kilifunguka, na mzee wangu alikwenda shule ya jioni na mkongojo wake. Sikuficha furaha yangu. Lakini juu ya sofa sikushinda. Katika Mtaa Wetu, ukinunua sofa, mstari wa upweke unapungua nusu. Niliwaambia kwamba huo ni uongo, sofa ninalo. Ketan alisema mchezo ukisema kweli yote, nani atautaka?

Basi wakanipa maneno mia tatu na kumi na mawili, kwa Kiingereza, niyaandike kwa Kiswahili. Sharti lilikuwa moja: kitufe ni kidogo, neno lisizidi herufi nane. Niliyamaliza kwa siku sita. Amka. Oga. Kula. Fagia. Ngoja. Lala. Cha kupiga soga na jirani, niliandika Sema. Cha kumvuta mtu kifuani kwa upendo, niliandika Shika. Cha kumtuliza anayelia, niliandika Nyamaza. Yote mafupi, na kisarufi hakuna mtu angeweza kunikosoa. Kisha Mansi akanikalisha mbele ya kipaza sauti, nikayasema yote, maana kila kitufe kikibonyezwa kinatamka neno lake. Aliniomba nisogee nyuma hatua mbili. Alisema sauti yangu haihitaji msaada wa umeme.

Ulipofika wakati wa kuujaribu mchezo kwa watu, mimi ndiye niliyesema twende Mbale. Niliwaambia kwamba Mbale kuna watu wa kila kabila. Hiyo ni kweli, lakini sababu yangu ilikuwa nyingine.

Betty anakaa Mbale, katika eneo la viwanda. Ni karani wa stoo katika kiwanda cha kusaga mahindi. Ana mume, Mafabi, kijana mpole, na binti wa miaka kumi, Racheal, ambaye nilimbeba mara mbili tu, akiwa mchanga. Nilikuwa na miaka sita bila kuingia katika nyumba yao, na sababu yake ni neno moja.

Siku tulipomzika Jovia, kule Busiu, katika kiwanja tulichonunua ili tuzeekee hapo, Betty alilia kwa sauti kaburini, kama binti yeyote anavyomlilia mama yake. Padri alikuwa amekwisha kufungua kitabu. Nikamwambia, nyamaza. Mara moja tu, na si kwa hasira. Lakini lilitoka kwa sauti ya uwanja wa gereza. Wanawake wote wakanyamaza, watoto wakanyamaza, na mtu wa kufukia akabaki ameshika koleo hewani. Betty aliniangalia kwa muda mrefu. Baada ya mazishi alipanda gari la mume wake, na tangu hapo simu yangu inaita mpaka inakatika yenyewe.

Mafabi hupokea simu yangu, lakini akiwa kazini. Nilimwomba amtume Betty kwenye majaribio, asimwambie kwamba nitakuwapo. Mafabi alisita. Akasema, "Mzee, yule bibi yangu akijua, mimi nitalala kwa stoo na magunia." Lakini akakubali. Mawazo yangu yalikuwa haya: Betty ataona kazi yangu, ataona kwamba baba yake, katika umri huu, ameandika lugha ya mchezo mzima, na ataona fahari. Baada ya fahari, mengine yatafuata. Nilipiga pasi shati siku ya Alhamisi.

Tulikwenda kwa gari la Mansi, tukapita njia ya Tororo. Pale Busiu mahindi yalikuwa yamefika kimo cha mtu, na nyuma yake najua kuna kaburi, lakini sikuwaambia wasimame. Nilikuwa na haraka ya kufika.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa, na Mansi alipanga mezani vibao kumi vya kuchezea, vya kioo kama simu pana. Watu kumi na wawili walikuja asubuhi. Vijana waliupenda mchezo kuliko tulivyotarajia. Kila kitufe kiliposema Amka au Fagia, walijibu kwa pamoja, "Ndiyo, afande," wakapigiana saluti, wakabonyeza tena. Msichana mmoja muuza nguo alimwambia Ketan, "Hii mchezo iko na askari ndani, na huyo askari hajanywa chai." Ketan alikuwa akiandika kila kicheko. Mimi nilikaa nyuma nikinyoosha kola. Nilidhani wananisifu.

Mtu mmoja tu wa umri wangu alikuwapo, fundi seremala aitwaye Romano. Alicheza vizuri mpaka mtu wake alipokutana na jirani. Akabonyeza kitufe cha kuzungumza. Sauti yangu ikasema, Sema. Romano aliweka kibao mezani taratibu, akatoka nje. Nilimfuata kumwuliza kama ni mgonjwa. Alikuwa amesimama ukutani, akiutazama mlima Wanale.

"Hakuna ugonjwa," akasema. "Ni zamani tu, afande. Kuna chumba niliambiwa hivyo, sema, siku tatu. Na mimi sikuwa na kitu ya kusema." Akauliza choo kiko wapi, akaenda upande huo, hakurudi.

Sikupata muda wa kulifikiri jambo hilo, kwa sababu Betty alikuwa akiingia getini na Racheal.

Alisimama aliponiona. Kisha akanisalimu, "Habari, Afande," kama watoto wote wa nyumba zetu za askari walivyotuita baba zao, na kama nilivyompenda aniite alipokuwa mdogo. Nikajibu nzuri. Mansi, ambaye hakujua lolote, aliwakalisha mezani kwa uchangamfu akawapa kibao kimoja wote wawili.

Racheal alitengeneza familia: baba, mama na msichana mdogo. Akawapa nyumba yenye mlango wa bluu. Nilisogea mpaka nyuma ya kiti chao, nikawa natazama juu ya mabega yao, na nilisikia harufu ya mafuta ya nywele ya Betty, yaleyale aliyotumia mama yake. Mama wa mchezoni akaenda kazini. Msichana akabaki mlangoni, akaanza kulia. Racheal akamgusa baba, vitufe vikatokea, akachagua kile cha kutuliza.

Nyamaza, sauti yangu ikasema.

Betty alichukua kibao mikononi mwa mtoto. Alibonyeza kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu anayehesabu magunia. Amka. Oga. Kula. Ngoja. Lala. Nyamaza. Kisha Shika, na yule baba wa mchezoni akamkumbatia msichana huku sauti yangu ikitoka kama amri ya kukamata mwizi. Vijana wa meza ya pili walijibu, "Ndiyo, afande." Betty akakilaza kibao kifudifudi. Hakuniambia mimi, alimwambia Mansi.

"Dada, mimi nilishakaa ndani ya hii mchezo. Miaka kumi na nane. Nilitoka."

Akamshika mtoto mkono. Walipofika mlangoni Racheal akamwuliza ile sauti ilikuwa ya nani.

"Ya babu yako," Betty akasema, na wakaenda.

Tulirudi jioni ileile. Ketan alikuwa na furaha. Wanane kati ya wale kumi na wawili walitaka maneno zaidi ya afande. Alisema tumepata kitu ambacho michezo ya ng'ambo haina. Nilikaa kiti cha nyuma. Nilianza kupima orodha yangu kwa vidole juu ya goti, neno kwa neno, nikitafuta yapi mengine yangeingia katika kitufe. Mwalimu Burhan alitufundisha kukumbatia. Nilikumbuka hata siku yenyewe, darasa zima la wanaume lilicheka. Nilipoandika Shika nilijiambia kwamba hilo la kitabuni ni refu mno. Sasa nikalihesabu. Kumbatia. Herufi nane. Lingeingia bila kubanwa. Nikatafuta la kumwambia anayelia, nikalipata kabla hatujafika Busiu. Pole. Herufi nne tu, na mtoto wa miaka miwili analijua.

Nilimwomba Mansi asimamishe gari. Nilipita katikati ya mahindi mpaka kaburini. Nyasi zilikuwa zimefyekwa, na juu ya saruji kulikuwa na mtungi wa maua mabichi kiasi. Kumbe Betty huja. Huja, na Jinja iko mbele kwenye barabara hiyohiyo. Nilisimama hapo nikataka kumwambia Jovia neno lolote, na kila lililonijia lilikuwa la kumtuma kitu.

Kesho yake nilikwenda ofisini nikamwambia Ketan kwamba naomba kuyaandika maneno yote upya na kuyasema upya. Alikataa kwa heshima. Alisema watu wamecheka, na mtu aliyecheka atamwita mwenzake. Nikamweleza habari za Romano. Akasema huyo ni mmoja, na ni mzee, na wazee hawanunui michezo. Nilimwambia kwamba mtu anayeamrishwa kula na kulala yuko gerezani, hata akiwa na sofa. Akajibu kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa nyuma ya ukumbi nikitabasamu.

Mansi ndiye aliyetukata maneno. Alisema mchezaji achague: kutakuwa na sauti mbili, moja itaitwa Afande, nyingine itaitwa Jirani. Ketan akakubali. Kwa hiyo ile ya kwanza haikufutwa, nami siwezi kusema kwamba ilifutwa. Itakwenda kwenye simu za watu nisiowajua, na watapiga saluti.

Ya pili ilinichukua wiki tano. Ule. Uoge. Ulale. Tuongee. Nilibadili mwisho wa kila neno kama fundi anayeondoa ncha za misumari. Kumbatia niliiacha ilivyo, kwa kuwa ukiiongezea adabu inafika herufi tisa. Tena nilijaribu nyumbani kuisema kwa sauti ya uwanjani, nikiwa nimesimama wima, na haikuwezekana. Neno lina silabi nne na pumzi inaishia njiani.

Pole ndiyo iliyonishinda. Nilirekodi mara kumi na moja. Kila mara Mansi alitikisa kichwa, na mwisho akavua visikilizio vyake.

"Mzee, bado unamwamrisha apoe," akasema. "Unamwambia nani?"

Nikamwambia. Nilimweleza Betty, na padri, na mtu mwenye koleo hewani. Alisikiliza, akavaa visikilizio, na mara ya kumi na mbili hakutikisa kichwa.

Baada ya hapo niliketi kumwandikia Betty. Simu asingeipokea, na ujumbe wa simu huliwa kwa jicho moja. Barua mtu anaweza kuitupa, lakini lazima kwanza aishike. Rasimu ya kwanza ilikuwa ukurasa mmoja. Nilichukua kalamu nyekundu, kama Mwalimu Burhan, nikazungushia kila amri: sikiliza, elewa, sahau, njoo Jumapili, mlete mtoto, jibu mara moja. Zilikuwa kumi na saba. Ya pili ilikuwa na tano. Ya tatu nilitumia siku mbili, na ilikuwa fupi. Nilimwandikia kwamba pale Busiu nilikuwa na neno la herufi nne na nikatoa lingine. Nilimwandikia pole kwa kifo cha mama yake, miaka sita baadaye, na pole kwa miaka kumi na minane aliyoitaja. Nilimweleza kwamba mchezo sasa una sauti mbili, kwamba ile aliyoisikia bado imo ndani na sikuweza kuiondoa, na kwamba ya pili pia ni yangu, ingawa huenda hataitambua. Niliona maua, nikamshukuru. Mwisho niliandika kwamba kiti cha pili nimekipeleka kwa fundi, mguu umerudi, na kinakalika.

Kila mara nilipotaka kuongeza kwamba basi aje akikalie, niliweka kalamu chini.

Niliikunja mara tatu, nikaitia katika bahasha, nikalamba gundi, nikaifunga na kuilaza chini ya kamusi mpaka ikashika. Mbele niliandika jina lake na sanduku la posta la kiwanda. Kazini tulizoea kuandika nyuma ya kila bahasha, kwa herufi kubwa: Ifunguliwe Mara Moja. Niliigeuza, mkono ukiwa na kalamu tayari, nikaiacha nyuma ikiwa nyeupe. Nikavaa shati lililopigwa pasi, ingawa ilikuwa Jumanne, nikatembea kutoka Masese mpaka posta. Pale mlangoni kuna sanduku jekundu. Niliingiza bahasha nusu, nikaishikilia kidogo, kisha nikaiachia, nikaisikia ikitua juu ya nyingine chache.